Sabato

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Segese, siku ya Jumamosi, makarasha yanasaga mawe kama kawaida. Asiyeonekana duarani, yaani shimoni, siku hiyo wenzake hawamtafuti. Wanajua ni Msabato.

Asili ya neno ni *shabbat* ya Kiebrania, yaani kuacha kazi. Waarabu huiita siku hiyo *sabt*. Kiswahili huanza kuhesabu baada ya Ijumaa, kwa hiyo siku ya saba ya Biblia kwetu ni ya mosi: Jumamosi. Sabato likabaki jina la ibada, na wengi hulidhani ni mali ya dhehebu moja. Naona tunalipunja.

Wayahudi wa Ulaya ya zama za kati nao walijulikana kwa siku hiyo, ila wakubwa wa Kanisa hawakutosheka. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano uliagiza wavae mavazi ya kuwatenga na Wakristo.

Jirani zetu wa Uganda nao wana Sabato yao. Mwaka 1919, huko Mbale, kiongozi wa Kiganda Semei Kakungulu alitahiriwa pamoja na wanawe akajitangaza Myahudi. Wafuasi wake ndio Abayudaya, jina la Kiganda la Wayahudi. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Wengi wakahama imani. Waliobaki waliishika Sabato kwa siri, jambo linalonigusa sana. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja hilo mwaka 2008, na Jumamosi bado wanasali kilimani Nabugoye, karibu na Mbale.