Mvua ya mlimani anaipima nani?

Mtu wa Tabata anaweza kuamka akakuta Mto Msimbazi umejaa, ilhali mtaani kwake usiku ilinyesha rasharasha tu. Mto huo unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Mvua kubwa ikipiga huko juu, maji hayachelewi kufika bondeni. Ndiyo maana mvua hupimwa hata mahali penye watu wachache, na Tanzania wengi wanaoifanya kazi hiyo ni watu wa kujitolea.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ina vituo vikubwa vyenye wataalamu walioajiriwa. Vituo vinavyopima mvua peke yake vimetawanyika shuleni, misheni na mashambani, na mpimaji huwa ni mwalimu, mkulima au mlinzi wa hapo.

Chombo chenyewe hakina makuu: mdomo wa kupokea mvua na chupa ndani yake. Saa 3 asubuhi mpimaji humimina maji kwenye gilasi yenye mistari, husoma na kuandika. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita 1 ya mraba. Kwa hiyo milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 40 ni lita 2,000, yaani mapipa 10 ya lita 200.

Ugumu uko kwenye kutoruka siku: Jumapili, siku ya msiba, na asubuhi ambayo mvua bado inamwagika. Siku kavu huandikwa sifuri. Siku ambayo hukupima siyo sifuri. Anayejaza sifuri ili kuficha kwamba alisafiri anampotosha fundi atakayekuja kujenga daraja kwa kutegemea daftari lile.

Milima mirefu ina shida yake. Kwenye Mlima Washington, Marekani, ambako mwaka 1934 ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa, watu wa kujitolea hupanda wakati wa baridi kukaa na wapimaji wa zamu, kuwapikia na kufanya usafi. Kilimanjaro hakuna anayekaa kileleni kupima. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walisimika mtambo unaojiendesha juu ya barafu ya kaskazini, zaidi ya mita 5,700 kutoka usawa wa bahari. Hata huo ulihitaji watu wa kupanda kuurekebisha.

Ukitaka kujaribu nyumbani, chukua mkebe wenye kuta zilizonyooka, uuweke mahali pa wazi. Kama kuna mti wa mita 5, kaa nao mbali angalau mita 10. Asubuhi ingiza rula na usome kina cha maji kwa milimita, kisha mwaga. Kwa kituo rasmi, waulize TMA au afisa ugani wa kata yako.