Mizani na Vina: Mashahidi wa Historia ya Mrima

Mrima, ambao bara yake ya karibu ni pamoja na nchi ya Kisarawe, Kibaha na Zegereni, ulipigania uhuru wake na Wadachi katika miaka ya 1888 na 1889. Habari nyingi za vita hivyo zimetoka katika maandishi ya washindi. Kwa upande wa wenyeji tunao Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliotungwa na Hemedi bin Abdallah bin Said el-Buhriy, na kuhaririwa na J. W. T. Allen mwaka 1955. Kusudi letu ni kuonyesha ya kwamba sheria za utungaji si pambo tu, bali humlinda shahidi huyu asisingiziwe maneno.

Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kimoja mizani nane. Vitatu vya kwanza hushirikiana kina. Cha nne huchukua kina cha bahari, kirudicho katika kila ubeti hadi tamati. "Mtu" na "nchi" ni mizani mbili mbili, maana m na n husimama peke yake. "Mbele" nalo ni mbili, wala si tatu. "Mrima" ni tatu. Mhariri akutapo kipande cha mizani saba, ana haki ya kushuku kwamba mnakili ameacha kitu.

Faida ya kina ni kubwa zaidi. Watunzi wa zamani waliandika kwa hati za Kiarabu, na kwa desturi yao hawakutenga e na i, wala o na u. Hivyo "kuku" na "koko" huandikwa sawasawa. Lakini vipande vya jirani vikiishia "usiku" na "huku", shaka imekwisha.

Takriri yataka hadhari. Utenzi ulikusudiwa kusomwa kwa sauti, na msikilizaji hawezi kufunua ukurasa wa nyuma. Kwa hiyo maneno hurudiwa ili ashike uzi wa habari. Afutaye marudio hayo kwa kuyadhania makosa ya mnakili huharibu kazi ya mtunzi.

Hata hivyo, mizani na vina huthibitisha neno, havithibitishi tukio. Jina au hesabu ikiwa mahali pa kina, huenda imechaguliwa kwa ajili ya sauti. Hapo yampasa mwanahistoria kutafuta shahidi wa pili kabla ya kuhukumu.