Dakika ya 21: nani alimtoa golikipa Kazadi?

Kila mara Kombe la Dunia likikaribia, ile video inarudi kwenye simu zetu. Mnaijua. Brazil wamepata friki, mpira uko chini, ukuta wetu umejipanga, na mara mtu mmoja wa kwetu anachomoka mbio na kuupiga mpira mbali kabla Mbrazili hajaugusa. Watu wanacheka. Wanasema: hawa walikwenda Ujerumani bila kujua hata sheria za mpira! Huyo mtu ni Mwepu Ilunga, beki wa TP Mazembe ya Lubumbashi, na mimi nimechoka kuona anachekwa na watu ambao hawajui kilichotokea siku nne kabla ya hapo.

Lisansi yangu ni ya agronomia, siyo ya historia, kwa hiyo wanahistoria wa humu wanivumilie. Lakini habari ya kuchagua tunaijua. Sisi watu wa kilimo, mbegu hatuichaguagi kwa sababu ya suke moja zuri. Unaipanda kwenye mashamba tofauti, misimu zaidi ya mmoja, unaandika kwenye daftari, na yule aliyeichagua jina lake linabaki pale. Ikikataa kuota, tunajua tumuulize nani. Ndiyo maana niliposoma habari za Léopards wa 1974 sikuanza na mabao. Nilijiuliza tu: ile timu, nani alikuwa anaichagua?

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Haikuwa timu mbaya. Kongo ilishachukua Kombe la Afrika mwaka 1968 kule Addis Ababa, ikiifunga Ghana 1-0. Klabu ya Englebert, ile tunayoiita Mazembe leo, ilikuwa bingwa wa Afrika 1967 na 1968. AS Vita Club ya Kinshasa ikachukua mwaka 1973. Mwaka huohuo mpira wa dhahabu wa Afrika ulikwenda kwa Bwanga Tshimen, beki wa Mazembe. Na Desemba 1973, Zaire iliifunga Morocco 3-0 pale Kinshasa na kuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Wachezaji wote walikuwa wa klabu za nyumbani. Hakuna aliyekodishwa kutoka Ulaya.

Kocha wao alikuwa Blagoje Vidinić, Myugoslavia. Tafadhali shikeni jambo hili, maana tutalirudia: Vidinić mwenyewe alikuwa golikipa. Alikuwa kwenye timu ya Yugoslavia iliyoshinda medali ya dhahabu ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960. Na Kombe la Dunia halikuwa geni kwake, maana mwaka 1970 ndiye aliyeipeleka Morocco Mexico. Huyo ndiye mtu aliyepewa kazi ya kuchagua.

Na machaguo yake yalizaa. Machi 1974, Kombe la Afrika huko Misri, mbele alimweka Ndaye Mulamba wa Vita Club, waliyemwita Mutumbula. Nusu fainali Zaire iliwatoa Wamisri wenyewe, nyumbani kwao, 3-2. Fainali na Zambia ikaisha 2-2, na mechi ilirudiwa baada ya siku mbili. Zaire 2-0. Yale mabao manne yote ya fainali mbili alifunga Ndaye peke yake! Jumla alifunga 9 katika shindano moja, na katika Kombe la Afrika rekodi hiyo ilibaki yake miaka na miaka. Raisi Mobutu akawapokea kama mashujaa, wakapewa nyumba na magari.

Miezi mitatu baadaye, watu walewale, kocha yuleyule, wako Ujerumani Magharibi.

Mechi ya kwanza, tarehe 14 Juni kule Dortmund, walifungwa na Scotland 2-0. Si aibu hata kidogo. Lakini nyuma ya pazia mambo yalishaharibika. Wachezaji walieleza baadaye kwamba primu walizoahidiwa hawakuziona, na kwamba wakubwa waliosafiri nao, watu wa serikali, ndio waliokuwa wanazila. Ikafika mahali wakataka kugoma, wasicheze mechi ya pili. Mwishowe walishawishiwa kuingia uwanjani. Miguu iliingia, moyo sijui kama uliingia.

Tarehe 18 Juni, Gelsenkirchen, wapinzani ni Yugoslavia, nchi ya kocha. Dakika ya 8, bao. Dakika ya 14, la pili. Dakika ya 18, la tatu. Na dakika ya 21 kikatokea kitu ambacho hakionekanagi hivihivi katika mpira: golikipa mzima, asiyeumia, Kazadi Mwamba, anatolewa nje. Kazadi, golikipa namba moja wa nchi, wa Mazembe, aliyewavusha mpaka pale. Akaingia Tubilandu Ndimbi wa Vita Club. Kijana wa watu hajagusa hata mpira vizuri, dakika ya 22 wakafunga la nne. Wachezaji wetu wakamzunguka mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia, wakilalamika. Katika ile fujo Mwepu akampiga teke mwamuzi kwa nyuma. Mwamuzi akageuka, akatoa kadi nyekundu... kwa Ndaye! Ndaye hakufanya kitu. Mwepu akaendelea kucheza.

Hesabuni pamoja nami. Ndani ya dakika kama mbili timu imepoteza mtu wake wa nyuma kabisa na mtu wake wa mbele kabisa, na hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa kosa lake. Siku zile kocha alikuwa na haki ya kubadilisha watu wawili tu mechi nzima. Mmoja ameshaliwa. Mpaka mapumziko ni 6-0. Mwisho, 9-0.

Basi, nani alimtoa Kazadi? Nyumbani watu walisema haraka sana: ni Vidinić, ameiuzia mechi nchi yake. Maneno hayo bado mtayasikia kwa wazee wengine. Mimi siyaamini, na sababu nitazitoa. Golikipa wa zamani anajua vizuri kuliko sisi wote kwamba kumtoa golikipa dakika ya 21 hakutibu kitu, ni kuiambia timu nzima kwamba mambo yamekwisha. Akitaka kuuza mechi, si angemwacha tu palepale huyo anayefungwa? Tena Vidinić mwenyewe alisema baadaye kwamba amri ilitoka kwa mjumbe wa wizara ya michezo: mtoe huyo. Mnaweza kusema alikuwa anajitetea. Sawa. Lakini angalieni mechi iliyofuata. Tarehe 22 Juni, mbele ya Brazil, nani yuko golini? Kazadi. Kama kocha ndiye aliyemwona hafai, mbona amemrudisha baada ya siku nne tu?

Mimi nasoma hivi: mchaguzi wa kweli alikuwa amekaa pembeni, na suti yake, jina lake halimo kwenye karatasi yoyote ya mechi. Timu ikishinda Misri, yeye yuko kwenye picha. Ikifungwa 9, anayezomewa ni golikipa, ni kocha mgeni, ni Mwepu.

Kuna mpira mwingine, ule wa Wamarekani, wa kushika na mikono. Kule timu nzima inamtegemea kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuamua aurushe wapi, na mwalimu anayempangia mashambulizi. Kila mwaka klabu zinachagua vijana kutoka vyuo vikuu hadharani, kwa zamu, na kila chaguo linaandikwa na namba yake. Mwaka 1996 klabu ya Carolina Panthers ilitumia chaguo la 8 kumchukua Tshimanga Biakabutuka, mkimbizaji wa mpira, mtoto aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1974, ule ule mwaka wetu. Majeruhi hayakumwacha afike pale walipomtarajia. Lakini mpaka leo mtu yeyote anaweza kufungua vitabu akaona: klabu hii, siku hii, ilimchagua huyu. Wakikosea kwotabeki, kocha anafukuzwa, na aliyemwajiri kocha mara nyingi anamfuata mlangoni. Sisemi Wamarekani ni malaika. Nasema tu kwamba daftari lipo.

Na sisi hapa Ituri, ndugu na dada zangu wenye diplomu, mbona habari hii inaniuma namna hii? Nilifanya mtihani wa kazi katika mradi mmoja wa kilimo, tuliingia wengi katika chumba kile, na orodha ilipotoka ilikuwa na majina ya watu ambao hakuna aliyewaona wakiandika. Niliuliza ofisini nani aliyechagua. Jibu lilikuwa: "Imetoka juu." Wengi wenu mmelisikia hilo jibu. Juu ni wapi? Msimu ule mbegu zilifika kwa wakulima wakati mvua zimeshakwenda, na wakulima walimlaumu kijana wa shambani, yule aliyesimama mbele yao na buti za matope.

Turudi kwa Mwepu na ile friki. Miaka baadaye alieleza kwamba sheria alizijua vizuri. Walikuwa wametishwa na watu wa Mobutu: wakifungwa vibaya tena na Brazil, wasihesabu kurudi nyumbani kwa amani. Alikuwa na hasira na watu waliokula pesa zao, na kadi nyekundu hakuiogopa. Alipewa ya njano. Mechi iliisha 3-0.

Ndaye hakucheza mechi ile, kwa kadi ambayo haikuwa yake. Mwaka 1994 watu wenye silaha walimpiga risasi mguuni, akakimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika la Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kumlilia, maana habari zilisema amekufa kwenye machimbo Angola. Alikuwa hai. Alifariki Johannesburg Januari 2019.

Kama kwenu Mudzipela, Nyakasanza au popote kuna mzee aliyesikiliza ile mechi ya Yugoslavia kwenye redio, kaeni naye jioni moja kabla hajatuacha. Msimuulize habari za Mwepu, hizo tunazo. Mumuulize usiku ule watu walisema nini juu ya golikipa.