Mashine Iliyolaumiwa: Kutoka Marufuku ya 1974 hadi Kompyuta Zinazoganda Handeni na Korogwe

"Mtandao hakuna." Kwa mwananchi wa Handeni au Korogwe anayefuatilia madai yake katika ofisi ya umma, maneno haya mawili yamechukua nafasi ya "njoo kesho" ya enzi za mafaili. Tofauti ni kwamba "njoo kesho" ilikuwa na mwenyewe. Alikuwapo karani aliyeitamka, na mwenye ujasiri aliweza kupanda ngazi kwenda kumlalamikia kwa mkubwa wake. "Mtandao hakuna" haina mwenyewe. Mwalimu aliyetoka Kabuku au Mkata kufuatilia malimbikizo yake hawezi kumshitaki mtandao kwa yeyote.

Katika makala haya ninakusudia kuonesha kwamba desturi hii ya kuitwisha mashine lawama za watu na taasisi haikuletwa na intaneti. Ina historia ya zaidi ya nusu karne katika dola yetu, na historia hiyo imeandikwa kidogo mno kwa Kiswahili.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza, na kazi yake kubwa ilikuwa hesabu za Serikali na mishahara. (Mwaka mmoja kabla yake, kituo cha kufua umeme cha Hale, wilayani Korogwe, kilikuwa kimeanza kazi kikiwa na uwezo wa megawati 21. Kwa hiyo maporomoko ya Mto Pangani yalikuwa yakizalisha umeme kabla Serikali haijawa na kompyuta hata moja ya kuutumia.) Miaka mitatu baadaye, mwaka 1968, mashine ile ilibadilishwa ikaletwa nyingine ya familia ya ICT 1900, yenye nguvu zaidi. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Kuhamisha hesabu za Serikali kutoka mashine moja kwenda nyingine ni kazi ya programu, ya kumbukumbu na ya watu waliofunzwa. Mashine mpya ilikuja, lakini maandalizi ya kuhama hayakutosha, na wataalamu walio wengi walikuwa wageni wa mkataba. Hesabu zilivurugika hadi Serikali ikalazimika kurudi kwenye kalamu na daftari.

Mwaka 1974 ikatolewa amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Wakati huo Tanzania nzima ilikuwa na kompyuta zisizozidi saba hivi. Wengi wa wanafunzi wetu huicheka amri hiyo, nami huwakataza kucheka haraka. Mwaka 1974 bei ya mafuta ilikuwa imepanda kwa kasi, ukame ulikuwa umeathiri mavuno, na fedha za kigeni zilihitajika kununulia chakula. Serikali iliyotumia fedha nyingi kwa mashine na washauri wa kigeni, kisha ikapoteza udhibiti wa hesabu zake, ilikuwa na kila sababu ya kuogopa. Kukataa anasa wakati wa njaa si ujinga.

Hata hivyo, ninaona kwamba amri ile ilikosea katika utambuzi wa ugonjwa. Kilichoshindwa kati ya 1968 na 1974 hakikuwa chuma. Yalishindwa maandalizi: nani ataandika programu, nani atazitunza mtaalamu mgeni akiondoka, nani atajua kwa nini takwimu za jana hazilingani na za leo. Maswali hayo hayakujibiwa. Badala yake mashine ikasimamishwa kizimbani, ikahukumiwa na kuzuiwa mpakani. Vibali maalumu viliendelea kutolewa kwa baadhi ya mashirika, na masharti yakalegezwa polepole katika miaka ya 1980, lakini kizazi kizima cha wahasibu na makarani kilifunzwa kazi katika nchi ambayo kompyuta ilikuwa jambo la mashaka.

Athari zake wilayani zinahitaji kuelezwa pamoja na historia nyingine. Mwaka 1972, chini ya sera ya Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na kazi zake zikachukuliwa na watendaji wa Serikali Kuu waliohamishiwa mikoani na wilayani. Sheria za serikali za mitaa zilitungwa upya mwaka 1982, na halmashauri zikarejea mwaka 1984. Zilirejea zikiwa na wajibu wa kukusanya kodi, kulipa watumishi na kutoa hesabu, lakini bila kumbukumbu za kitaasisi za miaka 12 iliyopotea, na katika nchi ambayo zana mpya ya hesabu ilikuwa bado chini ya kizuizi. Tunapowalaumu wahasibu wa wilaya kwa hati zisizoridhisha za ukaguzi, tukumbuke walikoanzia.

Wakati sisi tukiwa katika hali hiyo, ofisi za nchi nyingine zilikuwa zikijifunza jambo ambalo lilitupita. Kampuni ya Novell ya Marekani ilitoa mfumo wake wa NetWare mwaka 1983, na kwa zaidi ya miaka kumi mfumo huo ukatawala mitandao ya maofisi duniani. Kiini chake kilikuwa rahisi kueleza. Mafaili hukaa katika kompyuta moja kubwa, yaani seva. Kila karani hukaa mbele ya kompyuta yake ndogo. Na katika kompyuta hiyo ndogo huwamo programu-mteja. Karani akifungua faili, programu-mteja hulinasa ombi lake, hulifunga katika kifurushi, hulikabidhi kwa kiendeshi cha kadi ya mtandao, kisha husubiri jibu. Mafundi wetu wa mjini hukiita kiendeshi "draiva", na neno limewakaa vizuri, maana ni ndugu wa dereva wa basi: gari laweza kuwa jipya na barabara ikawa ya lami, lakini dereva akiwa amelala, abiria hawafiki.

Kusubiri huko ndiko kulikozaa kuganda. Mfumo wa DOS ulifanya kazi moja kwa wakati mmoja na ulikuwa na kilobaiti 640 tu za kumbukumbu ya kawaida. Kiendeshi kikipoteza kifurushi, au kikigombania njia moja ya mawasiliano na kifaa kingine ndani ya kompyuta, programu-mteja ilibaki ikisubiri jibu lisilokuja, na skrini nzima ikasimama. Karani alibonyeza kila kitufe bila mafanikio, kisha akazima umeme na kupoteza kazi ya asubuhi nzima. Dawa mara nyingi haikuwa kununua kompyuta nyingine. Ilikuwa ni kuweka toleo jipya la programu-mteja na la kiendeshi, kutoka katika diski ndogo. Novell yenyewe iliibadilisha programu-mteja yake mara kadhaa katika miaka ya 1990, na kila badiliko lilimtaka fundi apite mezani hadi mezani. Ofisi zilizopita shule hiyo zilijifunza kuajiri mtu ambaye kazi yake ni kupita mezani hadi mezani. Sisi tulianza kuunganisha maofisi yetu kwa wingi wakati shule hiyo imekwishafungwa, na tukadhani masomo yake hayakutuhusu.

Nimepata kulishuhudia hilo katika ofisi moja ya umma, katika eneo hilihili lililo kati ya miji ya Korogwe na Handeni, ambayo sitaitaja. Kompyuta nne za zamani zilikuwa zikiganda kila siku kabla ya saa sita mchana. Barua ya kuomba mpya ilikuwa imekwishaandikwa. Akaja kijana wa mafunzo kwa vitendo, akaketi, akachunguza. Aligundua kwamba kompyuta zote nne zilikuwa zikitumia kiendeshi cha jumla kilichokuja na Windows, ambacho kiliilaza kadi ya mtandao ili kuokoa umeme kila kompyuta ilipokaa kimya, kisha kikashindwa kuiamsha. Akapakua kiendeshi cha mtengenezaji wa kadi, akakibeba kwa flashi, akakiweka katika kompyuta moja baada ya nyingine, na akaondoa ruhusa ya kuilaza kadi. Kuganda kukaisha. Kilichonisikitisha ni kwamba hakuna daftari lililoandikwa alichokifanya. Muda wake wa mafunzo ulipokwisha aliondoka na elimu hiyo kichwani, kama walivyoondoka wale wataalamu wa mkataba wa miaka ya 1960.

Turudi kwenye historia kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Fedha ilianzisha mfumo wa pamoja wa usimamizi wa fedha kwa kutumia programu iliyoitwa Platinum, ambayo kampuni yake ilibadili jina kuwa Epicor mwaka 1999. Jina hilo la pili ndilo wahasibu wa halmashauri wanalolikumbuka, wengine kwa mapenzi, wengine kwa machungu. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, mkongo wa taifa ukasambaa bara, na mifumo ikazidi kuwekwa mahali pamoja: seva huko, watumiaji wilayani. PlanRep ya kwenye tovuti ikaja mwaka 2017. Sheria ya Serikali Mtandao ikatungwa mwaka 2019. Epicor nayo imeachia nafasi MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini, uliojengwa na wataalamu wa nyumbani. Haya ni mafanikio, na anayeyabeza hajui tulikotoka.

Lakini tazama umbo lake. Fedha na akili zimekwenda katikati, kwenye seva na mkongo, wakati upande wa mteja, ule wa mezani kwa karani, umeachwa ujitafutie. Ni umbo ambalo watu wa Handeni wanalifahamu vizuri kupitia maji. Mradi wa HTM wa miaka ya 1970 ulichota maji katika Mto Pangani, upande wa Korogwe, na kuyasukuma hadi Handeni. Bomba kubwa lilijengwa kwa msaada wa Wajerumani. Pampu zikachakaa, mabomba yakavuja, na watu wakarudi kwenye malambo, wakiwa na mradi uliokuwa hai kwenye ramani. Sasa Handeni na Korogwe zimo katika mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo wa India. Ninauombea mema, huku nikijiuliza ni nani aliyeandika bajeti ya vipuri vya mwaka wa 15.

Atakayesema kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini na atazame Uingereza. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilishambulia kompyuta katika nchi zipatazo 150, vikipita katika udhaifu wa programu ileile inayobeba maombi ya mafaili mtandaoni katika Windows. Katika huduma ya afya ya England, angalau taasisi 80 kati ya 236 ziliathirika. Wagonjwa walirudishwa, miadi ikafutwa. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba udhaifu huo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Waandishi wengi waliilaumu Windows XP iliyozeeka, lakini wakaguzi wa Uingereza walibaini kwamba kompyuta nyingi zilizoathirika katika huduma hiyo zilikuwa za Windows 7, mfumo uliokuwa bado unahudumiwa na mtengenezaji. Hazikuwa zimewekewa kiraka, basi. Tena lawama ilitupiwa umri wa mashine, kumbe kasoro ilikuwa ni mtu ambaye hakupangiwa kazi ya kupita mezani hadi mezani.

Suala hili sasa lina tarehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na aina mpya za prosesa, kwa hiyo kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri katika halmashauri, shule na zahanati zitaitwa chakavu kwa uamuzi uliofanywa Marekani. Shinikizo la kununua upya litakuwa kubwa, na wauzaji watakuwa wepesi wa kubisha hodi. Sipingi kununua pale inapobidi. Mashine isiyopata viraka na inayogusa fedha za umma ni hatari. Lakini kuna kompyuta zinazoweza kuhamishiwa Linux, zikawekewa viendeshi sahihi na zikatumika kufungua mifumo ya kwenye tovuti kwa miaka mingine kadhaa. Kujua ipi ni ipi kunahitaji orodha: umri wa kila kompyuta, aina ya kadi yake, toleo la kiendeshi, tarehe ya mwisho kuguswa na fundi, na jina la fundi huyo.

Madiwani wa Handeni na Korogwe hawahitaji shahada ya kompyuta kuiomba orodha hiyo. Wakati wa kupitia bajeti waulize kasma ya kununua vifaa ina shilingi ngapi na ya matengenezo ina ngapi. Na afisa anayesema mtandao hakuna waulizwe naye, mbele ya kikao, ni kipande gani hasa ambacho hakipo: mkongo, umeme, seva, au kiendeshi cha kompyuta iliyo mezani kwake.