Nanga ya Mji Usio na Bahari

Mteja wangu alikuwa Mwingereza na alilipa kwa neno. Ukiwahi kufanya hivi vibarua vya kuandikia watu wa ng'ambo unajua maisha yenyewe: leo chakula cha paka, kesho mabomba ya choo, keshokutwa unaambiwa ueleze jinsi ya kutambua pete za kale ambazo watu huzifukua mashambani kwa mashine ya kutafuta metali. Maneno 1,500, kabla ya Ijumaa. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nikisomea historia, nikaona basi, leo angalau nalipwa kuisoma.

Nilikuwa naishi Kahawa Wendani, stima ikipotea kila jioni. Na kwenye droo ya ile meza niliyokuwa nikiandikia, ndani ya bahasha ndogo ya dawa, kulikuwa na pete ya nyanya yangu.

Alinipa niiuze. Nilikuwa na salio la karo chuoni, na yeye alisema pete isiyopita tena kidoleni haina kazi, heri imrudishe mtoto darasani. Nikaipeleka kwa sonara mmoja mjini. Akaiweka kwenye mizani, akaitazama kama sekunde mbili hivi, akanitajia bei ya dhahabu ya kuyeyusha. Nikasema nitarudi. Sikurudi, na sikuwa na sababu ya maana, ila sikupenda zile sekunde mbili.

Sasa turudi Uingereza. Huko, mavuno yakishatoka na shamba likishalimwa, utawakuta watu wazima na heshima zao wanatembea polepole kwenye matuta, spika masikioni, wakipunga mashine juu ya udongo kama wanaofagia. Inalia, wanachimba. Mara nyingi wanachokipata ni pete kweli, lakini ile ya kufungulia mkebe wa soda. Si utani. Pete nyembamba ya dhahabu na kile kipande cha alumini hutoa mlio unaokaribiana sana, kwa hiyo asiyetaka kuchimba takataka atazikosa na pete.

Ikitoka pete yenyewe, kitu cha kwanza ni rangi. Dhahabu hutoka udongoni iking'aa kama ilivyoingia, hata baada ya miaka 1,000. Fedha huwa nyeusi au kijivu. Shaba na jamaa zake hugeuka kijani. Na kosa la kwanza la mgeni ni kuisugua kwa mswaki, akang'oa maji ya dhahabu yaliyopakwa juu, au ile rangi ya kioo iliyoyeyushiwa kwenye maandishi. Rangi hiyo peke yake inasema mengi. Waingereza wa karne ya 18 walikuwa na desturi ya kutengeneza pete za maombolezo na kuwagawia ndugu na marafiki, jina la marehemu na tarehe ya kifo vikiwa vimezungushwa juu yake. Nyeusi ilikuwa ya kawaida. Nyeupe aghalabu ilikuwa ya aliyekufa kabla ya kuoa au kuolewa, mara nyingi mtoto. Fikiria mtu amesugua mpaka ile nyeupe ikatoka.

Ziko pia pete za mapenzi, zenye maneno machache ya ahadi. Zile za zamani zaidi mara nyingi zina maneno ya Kifaransa, yamechongwa nje, watu wote wayaone. Kufikia karne ya 16 na 17 maneno yanakuwa ya Kiingereza na yanahamia ndani, yakigusa ngozi ya mvaaji peke yake. Hiyo sehemu niliiandika haraka kwa sababu mteja alitaka orodha, lakini niliifikiria wiki nzima.

Kisheria hawa watu hawajiokotei tu. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 inasema kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 300, ambacho angalau asilimia 10 ya uzito wake ni dhahabu au fedha, lazima kiripotiwe ndani ya siku 14. Kwa nani? Kwa yuleyule afisa anayechunguza vifo vya ghafla. Nilisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Jumba la makumbusho likikitaka, linalipa, na kwa kawaida aliyeokota na mwenye shamba wanagawana. Kwetu usijaribu, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 haikuruhusu kufukua vitu vya kale bila leseni, kwa hiyo hiyo mashine usiipeleke Gedi.

Kitu kilichonishika hasa ni mihuri. Tangu mwaka 1300, enzi za Mfalme Edward wa Kwanza, fedha ya Uingereza ilitakiwa ipimwe kabla ya kuuzwa, na iliyofaulu ikagongwa kichwa cha chui. Mwaka 1478 London ikaongeza herufi ya mwaka, ili ikigundulika baadaye kwamba kitu ni feki, ijulikane ni mpimaji gani alikuwa zamu. Baadaye kila ofisi ya kupimia ilikuwa na alama yake: chui London, ngome Edinburgh, kinubi Dublin. Ndani ya pete unatafuta vitu vinne. Herufi za aliyeipeleka kupimwa, kiwango cha dhahabu, mji, na mwaka. Vyote viko kwenye kisehemu kidogo kuliko punje ya mchele.

Nilikuwa katikati ya aya ya miji nilipokutana na nanga.

Nyanya ameniambia habari ya nanga tangu niko mdogo. Pete yake ina kinanga ndani, na babu, aliyefanya kazi bandari ya Kilindini, alimwambia hiyo ni alama ya meli iliyoileta. Walioana 1962. Kila tulipomtembelea Voi alitutolea pete tukaitazama kwa zamu, na sisi wajukuu tukaipa ile meli jina, rangi, nahodha, mpaka dhoruba tukaipa.

Sasa naambiwa nanga ni Birmingham.

Nikafungua ramani. Birmingham iko katikati ya Uingereza, meli haifiki. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba mwaka 1773 mafundi wa Birmingham na wa Sheffield walikwenda London kuomba bunge liwaruhusu kuwa na ofisi zao za kupimia, kwa sababu kusafirisha vitu mpaka miji mingine kupimwa ni gharama na njiani kuna wezi. Birmingham ilisemewa na Matthew Boulton, yule mshirika wa James Watt wa injini ya mvuke. Inasemekana walikuwa wakikutania kwenye baa moja iliyoitwa Taji na Nanga. Ruhusa ikatoka, Sheffield ikachukua taji, Birmingham ikachukua nanga. Wengine wanasema walirusha sarafu. Kwa hiyo meli yetu ilikuwa baa.

Nilimtumia mteja makala yake, akanilipa, nikanunua lenzi ya fundi wa saa kwa shilingi mia tatu. Nikaanza kuisoma pete.

Kulikuwa na 9 na .375, yaani karati tisa: sehemu 375 za dhahabu katika 1,000. Kiwango hicho Waingereza walikiruhusu mwaka 1854, kwa hiyo pete haiwezi kuwa ya zamani kuliko hapo. Nanga ipo. Herufi ya mwaka imelika upande mmoja. Shida ya hizi herufi ni kwamba zikiisha zinaanza upya, Birmingham kila miaka 25 au 26, na kinachozitofautisha ni umbo la herufi na fremu iliyoizunguka. Fremu yangu ilikuwa imesagika. Siku tatu nikilinganisha nikabaki na miaka miwili inayowezekana, kizazi kizima kati yake. Yote miwili ni kabla babu hajafikisha umri wa kuoa.

Halafu, ng'ambo ya mihuri, nikaona E na W.

Hapo ndipo unapotakiwa kutulia. Herufi za fundi pia ni herufi za jina, lakini zinagongwa kwa chuma: zina fremu, zina kina kimoja, zinakaa kwenye mstari na wenzake. Hizi hazikuwa na fremu. Zilikuwa zimechongwa kwa mkono, mkia wa W umepinda kidogo, kina kinapungua mwishoni pale kisu kilipoinuliwa. Hizo si za fundi. Ni za mtu. Na babu yangu alikuwa J, nyanya ni M.

Kuna pete moja nilikuwa nimeiandika kwa yule mteja na sasa ikanikaa rohoni. Ni ya Kirumi, ya dhahabu, ilipatikana shambani karibu na Silchester mwaka 1785, kabla hata ya hizi mashine. Imeandikwa jina Senicianus, na kumtakia aishi katika Mungu. Mchongaji alirudia herufi moja bure akakosa nafasi ya ile ya mwisho. Baadaye, Lydney, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, likapatikana bamba la risasi kwenye hekalu la mungu Nodens. Mtu anayeitwa Silvianus analalamika humo kwamba amepoteza pete, anaahidi nusu ya thamani yake kwa hekalu, na anaomba asiwepo mwenye jina Senicianus atakayekuwa na afya mpaka pete irudishwe. Wapo wanaoamini ni pete ileile na wapo wanaotilia shaka. Waliochimba lile hekalu walimwomba Tolkien awaeleze jina Nodens, na maelezo yake yakatoka 1932 kwenye ripoti yao. Ndiyo, Tolkien huyohuyo wa pete.

Yaani jina lililo kwenye pete linaweza kuwa la mwenyewe na linaweza kuwa la mwizi. Chuma hakisemi. Hata wataalamu hukosea bila jina lolote: pete ya yakuti samawi iliyopatikana kwa mashine karibu na Escrick mwaka 2009, Makumbusho ya Yorkshire waliinunua kwa pauni 35,000 wakidhani ni ya karne ya 10 au 11. Mwaka 2013 wakawaita wataalamu York waikague pamoja, wakatoka wakisema huenda ni ya karne ya 5 au ya 6. Wamekosea miaka 500 hivi, na wao hawakuitazama sekunde mbili.

Nikapanda basi kwenda Voi.

"Umeuza?" nyanya akaniuliza hata sijakaa.

"Bado."

"Unangoja nini, mume wangu? Chuo kikuhamie nyumbani?"

Nikamweleza Birmingham. Nikamweleza baa. Akacheka mpaka akatoa leso. "Babu yako alikaa bandarini miaka ishirini na tisa. Kila kitu kilitoka melini. Hata mimi angekwambia nimetoka melini."

Sikujua nianzeje lile la pili. Nikaitoa ile lenzi, nikaiweka mezani, nikaanza kueleza tofauti ya kugonga na kuchonga, maneno mengi kama makala ya mteja.

"E na W," akasema.

Nikanyamaza.

"Niliziona siku ileile. Akasema ni za fundi, nikasema sawa. Kijana wa bandarini atapata wapi pete mpya ya Mzungu? Wakati huo Wazungu walikuwa wanauza mpaka vitanda, wanarudi kwao. Sonara pale Mombasa akataka kuzikwangua, nikamwambia aache, dhahabu itapungua."

"Na hukuwahi kumuuliza babu ni nani?"

"Wa nini? Ilinienea. Haikukatwa, haikuongezwa." Akainyoosha mkono, nikampa, akaijaribu. Ikagota kwenye kifundo cha kidole. Akaizungusha hapo kidogo, kisha akairudisha kwenye bahasha ya dawa, akaikunja mdomo mara mbili, akanipa.

"Uliza bei kwa mwingine," akasema. "Huyo wa kwanza ni mwizi."

Nimeuliza kwa wawili zaidi, nao wameitazama kwa kuipima. Salio la chuo bado lipo. Pete iko kwenye droo.