Gwanda la Idi Amin Usiku wa Entebbe

Sisi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tulikwisha kujifunza kwamba gwanda halimtambulishi mtu. Juni 2004, makamanda walioasi, Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi, walipouteka mji, askari wao na wale waliokuwa wakiulinda walihesabiwa kuwa wa jeshi moja la taifa. Aliyesikia mlango ukigongwa usiku kule Kadutu au Nguba hakuwa na namna ya kujua anamfungulia nani. Labda ndiyo sababu kisa cha Entebbe, Uganda, ambacho wengi hukisimulia kwa ajili ya ndege na risasi, mimi hunishika kwenye nguo.

Kutoka hapa hadi Entebbe, kwa mwendo wa ndege, hazifiki kilomita 500. Mwaka 1976 nchi yetu ikiitwa Zaire, rais wetu Mobutu na Idi Amin wa Uganda walikuwa wamekwisha kugawana hata majina ya maziwa: Albert likawa Mobutu Sese Seko, na Edward, ambalo wavuvi wa Vitshumbi wanalivua hadi leo, likawa Idi Amin Dada.

Tarehe 27 Juni mwaka huo, ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa mara baada ya kuondoka Athens. Watekaji walikuwa wanne, Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Walitua Benghazi kutia mafuta, kisha kesho yake wakafika Entebbe, ambako wenzao waliwapokea na Amin akawakaribisha. Walidai wafungwa 53 waachiliwe. Abiria wasio Waisraeli walianza kuruhusiwa kuondoka, lakini rubani Michel Bacos na wahudumu wake walikataa kuwaacha abiria wao. Wakabaki mateka zaidi ya 100 katika jengo la zamani la uwanja, jengo ambalo lilijengwa na kampuni ya Israeli.

Israeli ilipoamua kuwaokoa kwa nguvu, urafiki wake wa zamani na Amin ndio uliozaa hila. Kabla ya Amin kuwafukuza mwaka 1972, Waisraeli ndio waliowafundisha askari wake kuruka kwa miavuli, na Amin mwenyewe aliendelea kuvaa kifuani nishani ya mabawa aliyopewa nao. Waliijua desturi ya jeshi lile: gari jeusi la Mercedes likitokea na Land Rover nyuma yake, mlinzi husimama wima na hahoji. Basi ikatafutwa Mercedes. Iliyopatikana ilikuwa nyeupe, ikapakwa rangi nyeusi. Makomando 29 wakavaa magwanda ya mabaka kama ya askari wa Uganda. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 4,000, ndege ya kwanza kati ya nne ilitua, na msafara ukashuka tumboni mwake na kwenda polepole, taa zikiwaka, kama wa mkubwa anayerudi nyumbani. Amin alikuwa ametoka kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Mauritius, hivyo ujio wake usiku ule ungeaminika.

Karibu na jengo, mlinzi mmoja aliinua bunduki. Wako wanaosema aligundua, kwa kuwa Amin alikuwa amehamia gari jeupe. Muki Betser, naibu wa kamanda Yonatan Netanyahu, alishikilia kwamba ile ilikuwa saluti ya kawaida tu na wangeachwa wapite. Mimi namwamini Betser. Netanyahu aliamuru wampige kwa bastola zenye kiwambo cha sauti. Hakufa papo hapo, na kutoka Land Rover ya nyuma ikalia bunduki isiyo na kiwambo. Siri ikavunjika hatua chache kabla ya mlango.

Ndani, nguo zile zile zilikuwa hatari. Mateka waliamka, wakaona watu wenye magwanda ya Uganda wakifyatua risasi. Ndipo wakasikia kipaza sauti, kwa Kiebrania na Kiingereza, kikiwaambia walale chini. Kijana wa miaka 19 aliinuka, na waokoaji wake wakamuua wakidhani ni mtekaji. Mateka 102 waliokolewa. Netanyahu aliuawa, pamoja na watekaji na makumi ya askari wa Uganda.

Kanuni za vita za Hague za mwaka 1907 zilikuwa tayari zikikataza kutumia isivyo halali sare ya adui. Mwaka mmoja baada ya Entebbe, Itifaki ya Kwanza ya Geneva ikaandika kwa uwazi zaidi: sare ya adui isivaliwe wakati wa kushambulia. Katazo hilo huwahusu pia watu wasioshika silaha, maana sare ikishageuzwa mtego, kila anayesogea karibu ni mtuhumiwa.

Ghadhabu ya Amin iliwaangukia wasio na sare. Kwa sababu ndege zilitia mafuta Nairobi zikirudi, Wakenya walioishi Uganda waliuawa kwa mamia. Naye Dora Bloch, bibi wa zaidi ya miaka 70, hakuwapo jengoni usiku ule. Alikuwa amesakamwa na chakula, akapelekwa hospitali ya Mulago. Watu wa Amin walimchukua kitandani na kumuua. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, baada ya jeshi la Tanzania kuingia Kampala, katika shamba la miwa nje ya mji, yakapelekwa kuzikwa Jerusalem.