Miezi Mitatu Haitoshi: Hamu ya Miraa na Ubongo Unaopona katika Njiapanda ya Kaplong

Vituo vingi vya kurekebisha waraibu nchini Kenya humlaza mteja miezi mitatu, kisha humwuliza kama bado ana hamu. Akikana, huhesabiwa amepona. Makala haya yanapinga kipimo hicho kwa waraibu wa vichangamshi, hasa miraa na aina yake iitwayo muguka: kinywa cha mteja na ubongo wake havitoi ushahidi mmoja, na hitilafu hiyo huwa kubwa wakati ule ule anaporuhusiwa kwenda nyumbani.

Kuhusu kemia hakuna ubishi. Kathinoni ya majani mabichi ya miraa inashabihiana na amfetamini, na huongeza dopamini ubongoni. Ubishi uko kwenye muda. Waliozoea kudhani kwamba hamu hupungua siku hadi siku walijibiwa mwaka 2001 na watafiti Grimm, Hope, Wise na Shaham: panya walioachishwa kokeini waliitikia viashiria vyake kwa nguvu zaidi kadiri wiki zilivyosonga.

Panya si watu, wapinzani watasema. Ndiyo maana uzito wa hoja hii unaegemea utafiti wa Parvaz, Moeller na Goldstein wa mwaka 2016. Waraibu 76 wa kokeini, waliokwisha kuacha kwa muda wa kati ya siku mbili na mwaka mmoja, walioneshwa picha za dawa hiyo huku mawimbi ya umeme ya ubongo wao yakipimwa. Hamu waliyoikiri wenyewe ilikuwa ndogo kadiri muda wa kuacha ulivyokuwa mrefu. Mwitiko wa ubongo haukufuata mkondo huo: ulikuwa mkubwa zaidi kwa waliotimiza mwezi mmoja au miezi sita kuliko kwa wale wa siku mbili, wa wiki moja au wa mwaka mzima.

Tuyahamishie matokeo hayo Kaplong, katika Kaunti ya Bomet, ambapo barabara itokayo Kericho hugawanyika, moja ikielekea Sotik na Kisii, nyingine Bomet na Narok. Katika njiapanda kama hii, kifurushi cha majani ya mgomba chatosha kuwa kiashiria. Fedha mkononi pia. Mkulima wa chai aliyelazwa Aprili huruhusiwa Julai, na bonasi ya Oktoba humkuta ana miezi sita bila kutafuna. Atasema hana hamu, na atakuwa mkweli.

Kuviondoa viashiria hivyo kwa kupiga marufuku hakutoshi. Mei 2024 Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilizuia muguka, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku ya Mombasa na Kilifi.

Ni kweli kwamba utafiti ule wa 2016 ulilinganisha watu tofauti badala ya kuwafuatilia wale wale, hivyo hauwezi kututajia siku ya hatari. Ni kweli pia kwamba kokeini ni kali kuliko miraa. Lakini ukali huathiri kimo cha mkondo wa mwitiko. Sioni sababu ya kudhani kwamba hubadilisha umbo lake.

Basi ufuatiliaji wa nyumbani, angalau hadi mwaka utimie, uhesabiwe kuwa tiba yenyewe. Tangu 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaozuru kaya. Wakifunzwa kumtembelea mraibu kabla ya bonasi badala ya kungoja aanguke, Bomet itapunguza wanaorudia miraa bila kuongeza kitanda hata kimoja.